Ubao wa Ubeti wa Tatu

Kazi yangu ilianza Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kwa kuulizwa jina. Bwana wa mlangoni pa jengo la televisheni aliniuliza, "Wewe nani?" Nikamjibu. Akauliza tena, nikamjibu tena. Mara ya tatu akanisukumia kipande cha ubao na chaki, nikaandika: Rukia. Alikitazama kile kibao, akanitazama na mimi, akasema, "Khati unayo. Sauti umeiacha kwenu?" Kisha akanifungulia.

Ijumaa iliyopita nimeiacha kazi hiyo. Nina miaka kumi na minane. Mzee Feruzi, aliyenifundisha, anasema katika umri wake wote hajapata kumuona mstaafu ambaye bado anaogopa giza. Lakini nimerudisha brashi, nimerudisha ndoo, nimeagwa kwa chai na mandazi kama mstaafu mwengine yeyote, kwa hivyo nnahesabu nimestaafu. Nimepangiwa kwenda kusomea ualimu. Siku hizi mtu hachagui kazi. Kazi ndiyo inayomchagua mtu, na ikimchoka inampeleka kwengine.

Wasichana wawili watakaoshika mbao baada yangu wanakuja wiki hii, na mimi nitakuwa sipo. Hata ningekuwepo nisingewaambia la maana, ningetazama chini tu. Basi nakuandikieni nyinyi wenyewe. Tokea darasa la saba naandika kila siku, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna mtu wa kunikata kauli. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine. Mimi sikukaa muda wa kuzijua. Nitawaambia habari za mbao, na habari za wimbo mmoja ambao nyinyi nyote mnaujua, na hamjui ulivyotoka.

Mwaka nilioanza kazi televisheni ilikuwa ngeni kwetu Unguja hata watu wakioga na kuvaa vizuri kwenda kuitazama. Majumbani zilikuwa chache. Nyingi ziliwekwa pahala pa watu wote. Kule Amani sanduku lilikaa ndani ya kabati la mbao juu ya nguzo, na mtu mwenye ufunguo wa kabati alikuwa akiamkiwa na watu wasiomjua. Chwaka, mbali huko shamba, lilikuwa skulini, watu wakienda na mikeka yao. Jumamosi jioni, kipindi cha nyimbo kikianza, vichochoro vya Mji Mkongwe vilikuwa vitupu. Ungeweza kupita Mkunazini ukasikia kobazi zako tu miguuni.

Wimbo ukiimbwa Jumamosi mbele ya kamera zetu, Jumapili asubuhi ulikuwa kisimani, sokoni, na chini ya cherehani ya fundi. Redio iliwajulisha watu nyimbo, sikatai. Lakini kwenye televisheni watu waliuona na mkono wa mwimbaji, namna anavyokikamata kitambaa, namna anavyoinamisha shingo, wakauchukua wimbo pamoja na mkono na shingo. Nimeona watoto wa mitaa ya Ng'ambo wakiimba huku wanapangusa jasho wasilokuwa nalo, kwa kuwa mwimbaji alipangusa.

Kwa ajili hiyo kila neno lilikuwa likipita kwenye Kamati ya serikali ya kukagua nyimbo kwanza. Maneno yalipigwa taipu, yakapelekwa, yakarudi na muhuri. Mengine yalirudi yamebadilishwa. Na kipindi kilikuwa kikienda hewani palepale, mtu anavyoimba ndivyo anavyosikika Chwaka. Neno likitoka limetoka.

Sasa mbao. Nyinyi mnaoijua taarabu mnajua kwamba mwimbaji wetu huimba na karatasi yake. Hukaa kitako, karatasi mkononi au mapajani, na hapana anayemuona mjinga kwa hilo; hiyo ndiyo heshima ya maneno. Lakini mbele ya kamera karatasi ilikuwa balaa. Mwimbaji akitazama chini, kule Amani watu wanauona utosi wa ushungi wake tu. Bwana Haji, mtayarishaji wa kipindi, akapiga marufuku karatasi. Badala yake maneno yakaandikwa kwenye mbao nyeusi, ubeti mmoja ubao mmoja, na mtu mmoja akasimama pembeni mwa kamera kuzinyanyua. Mtu huyo ni mimi. Kazi ya kusimama kimya, bila viatu, bila bangili, mbele ya watu wasiokutazama wewe. Nadhani Mungu aliniumba akaona hana pa kuniweka, ndipo ikabuniwa televisheni.

Mzee Feruzi alikuwa mchoraji wa matangazo ya sinema na vibao vya maduka kabla ya kuletwa kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya chokaa na maji ya gundi, nyepesi kiasi cha kufutika kwa kitambaa kibichi, nzito kiasi cha kutoteremka. Siku ya kwanza nikaandika ubao mzima kwa khati yangu ya skuli, nzuri, imelala upande. Akaufuta wote.

"Nani atasoma haya?" akaniuliza.

"Mwimbaji, Mzee."

"Mwimbaji yupi? Huyu anayekunywa chai pale, au yule atakayekuwa na taa usoni na kisiwa kizima kinamtazama? Muandikie mtu mwenye hofu."

Hilo lishikeni. Herufi ya mtu mwenye hofu husimama wima, ina nafasi pande zote, na haina madoido. Na ubao haubadilishwi mwimbaji akiwa katikati ya pumzi. Mngojeeni avute hewa.

Miezi ikapita hivyo. Halafu akaja Bi. Maua.

Bi. Maua wa Ng'ambo alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ambayo mama yangu aliisikia harusini kwake. Tokea chama chao cha taarabu kilipovunjika alikuwa akiuza mikate ya kumimina mlangoni kwake, na watu walikuwa wananunua kwake kwa huruma ya zamani. Bwana Haji alimtafuta mwenyewe. Wimbo aliokuja nao aliutunga yeye, unaitwa Kandili ya Dirishani, na alikuwa hajauimba ila nyumbani kwake. Mnaujua unavyoanza:

Kandili nimeiwasha, upepo usiizime,
Dirishani yaonesha, msafiri atazame.

Ubeti wa tatu ulikuwa hivi alipomtajia mpiga taipu kwa mdomo:

Mwenye kuvuka bahari, bado namwekea mwanga,
Hata ikiwa safari, miaka imejipanga.

Kamati iliupitisha wimbo wote isipokuwa nusu mstari. Waliovuka bahari tokea Mapinduzi walikuwa wengi, na hapakuwa na haja, ilisemwa, ya kuwawekea mwanga kwenye televisheni ya serikali. Karatasi ikarudi na muhuri: Mwenye kwenda mashambani.

"Angalau wangeniwekea kitu chenye ri mwisho," Bi. Maua akasema. "Sasa hiyo safari ya mstari wa pili itakaa na nani?"

"Itakaa na Kamati," Bwana Haji akajibu. Alikuwa mtu mwema, lakini wiki ile hakuwa akicheka. Alitukusanya sote, wapiga fidla, mpiga kanuni na kinanda chake cha nyuzi, mafundi wa taa na mimi, akasema kwa utaratibu. "Nimeambiwa, na nakuambieni nilivyoambiwa. Neno lisilopitishwa likitoka, kipindi cha nyimbo basi. Na mwimbaji aliyelitoa hatasikika tena, si hapa, si redioni. Bi. Maua, umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Alkhamisi. Bi. Maua aliingia na karatasi yake imekunjwa mkononi. Bwana Haji akaipokea kwa adabu, hakuikunjua, akaiweka juu ya kanuni. "Maneno utayaona pale kwa huyu mtoto," akamwambia. Nikanyanyua ubao wangu. Niliuandika vizuri mno. Hata Mzee Feruzi alisema unapita.

Bi. Maua akaimba. Hakukosa, hakusitasita, na kwenye ubeti wa tatu akaimba bahari.

"Tena," sauti ya Bwana Haji ikasema kutoka kwenye chumba cha kioo juu.

Akaimba tena. Bahari.

Ijumaa baada ya sala tukarudi, na ikawa bahari. Mpiga fidla mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, kwamba bibi huyu anafanya kusudi, anataka kutupeleka pabaya sote. Bwana Haji aliteremka. Jasho lilikuwa limempita kwenye shati.

"Bi. Maua. Ubao uko mbele yako. Neno limeandikwa kubwa kama mlango. Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, baba. Kichwa kinajua. Mdomo unakwenda kwao."

"Kesho kabla ya Magharibi tutajaribu mara ya mwisho. Ukisema lile neno, nitaweka ngonjera ya wanafunzi, na wewe nitakusindikiza mlangoni kwa heshima zote. Nina watoto wanne mimi."

Akaondoka. Wote wakaondoka. Bi. Maua akabaki kwenye kiti chake, anajipepea kwa ncha ya kanga, na mimi nikabaki na ubao wangu kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuurudisha.

Nilikuwa nimeona kitu, na nilikuwa nakiogopa. Mtu anayesoma, macho yake hutembea. Nimesimama mbele ya waimbaji wengi nikayaona macho yao yakienda upande mmoja na kurudi, kama mtu anayefagia. Macho ya Bi. Maua hayakutembea. Aliutazama ubao wangu namna mtu anavyoutazama ukuta alioambiwa autazame.

"Bi. Maua," nikasema.

"Naam. Sema kwa nguvu, mwanangu, mimi si jini nikusikie moyoni."

"Hii… unaiona?"

"Naiona."

"Unaisoma?"

Akaacha kujipepea. Kwa muda nilidhani atanipiga. Kisha akaangalia kule kwenye kioo kama kuna mtu, hakuna, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimesoma kwa Maalim Shaame, chuo cha Kurani, mpaka nikahitimu. Msahafu nausoma, barua naandika. Hizi zenu za skuli sikuwahi kufundishwa. Enzi zetu mtoto wa kike skuli alipelekwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi yake. Kumbe ndani ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu hikihiki. Bwana Haji alimnyang'anya karatasi pekee aliyokuwa anaweza kuisoma, akamuwekea ukuta.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nimwambie Bwana Haji, uliyenitoa kwenye mikate yangu mbele ya watu, mimi ni maamuma, herufi zenu sizijui? Ataniambia pole, Bi. Maua, kisha ataniona mtoto. Wee huoni wanavyoniita bibi?" Akakunja kanga mapajani. "Na hilo neno nnajaribu, wallahi nnajaribu. Lakini huo ubeti nimemtungia mdogo wangu, Nunu. Aliondoka mwezi ule wa Mapinduzi na mumewe, usiku, hata kikombe chake hakukisuuza. Barua moja ilikuja, halafu kimya. Nimeuimba dirishani miaka yote hii. Mdomo utaachaje?"

"Basi si bora usiimbe?" nikamuuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

"Wimbo haukai kabatini, mwanangu. Unaliwa na mende."

Nikamwambia naweza kumuandikia kwa Kiarabu. Na mimi nilipita chuoni, kama kila mtoto wa Unguja, ingawa khati yangu upande huo ilikuwa kama kuku aliyepita kwenye unga. Akanitazama sana. Hatari yake tuliijua sote wawili. Yale hayakuwa makosa yaliyoandikwa pahala, lakini tokea Mapinduzi herufi hizo juu ya ubao wa serikali zingeweza kumfanya mtu aulizwe maswali, na akiwa muulizaji ameamka vibaya, swali la kwanza lingekuwa: umetumwa na nani?

"Mama yako anajua unafanya kazi gani huku?" akaniuliza.

"Anajua nanyanyua mbao."

"Basi zinyanyue," akasema.

Jumamosi asubuhi nikaandika nyuma ya mbao. Mbele nikaacha herufi za skuli, nyuma nikaweka zile nyengine, maneno yaleyale yaliyopitishwa, hata nukta haikuzidi. Mzee Feruzi akaingia nikiwa kwenye ubao wa tatu. Nilijiweka mbele yake, lakini mimi ni mwembamba na ubao ni mpana.

Alisoma wote. Akaenda kufunga mlango.

"Hiyo herufi ya alifu imelala," akasema. "Inaonekana kama imekunywa. Mwenye hofu hataiona." Akachukua brashi yangu akainyoosha alifu, akanirudishia brashi. "Mimi leo naumwa na jicho, sioni kitu. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Mzee."

Kabla ya Magharibi tukafanya mazoezi ya mwisho. Bwana Haji alikuwa juu kwenye kioo, na kutoka kule mbao zinaonekana kwa ubavu tu. Nikanyanyua upande wa nyuma. Macho ya Bi. Maua yakaanza kutembea, kutoka kulia kwenda kushoto. Ubeti wa tatu ukafika. Akaimba mashambani. Aliliimba kama mtu anayemeza kidonge, lakini aliliimba.

"Alhamdulillahi," sauti ya juu ikasema, na tukasikia kiti kinaanguka.

Tulikwenda kuswali. Tuliporudi, Bwana Khamis wa Kamati alikuwa amesimama katikati ya studio na karatasi yenye muhuri mkononi.

Hakuwa amewahi kuja. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, viatu vinang'ara. Alituamkia vizuri. Akaniambia, "Nioneshe hizo mbao, mwanangu." Nikamuonesha ubao wa kwanza, upande wa mbele. Wa pili. Wa tatu akausoma pamoja na karatasi yake, neno kwa neno, kidole kikienda. "Vizuri," akasema. Nikadhani sasa atapanda kwenye kioo, maana wakubwa wote hukaa kule, kuna feni.

"Nitakaa hapahapa," akasema. "Nataka kusikia kwa masikio yangu." Akaenda kusimama nyuma ya wapiga fidla, nyuma ya bega la Bi. Maua, pasipofika kamera. Pale alipokuwa amesimama, chochote atakachokitazama Bi. Maua, na yeye atakiona.

Nataka mfahamu nilivyokuwa, nyinyi mtakaosimama pale. Nikinyanyua mbele, Bi. Maua hatasoma, atakwenda kwao, atasema bahari, na itakuwa mwisho wake na wa kipindi. Nikinyanyua nyuma, Bwana Khamis ataona Kiarabu mikononi mwangu, na nimeshamuonesha upande mwengine kama mwizi. Bwana Haji hakujua lolote. Alikuwa juu, ananyoosha kidole kuashiria tujitayarishe. Mzee Feruzi alikuwa mlangoni, ameziba jicho kwa kiganja. Bi. Maua alinitazama mara moja tu. Hakuniomba kitu.

Taa nyekundu ikawaka. Fidla zikaanza.

Nikanyanyua nyuma.

Bi. Maua akaanza kuimba, na mimi nikamuona Bwana Khamis akiinua kichwa. Aliutazama ubao. Akaitazama karatasi yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho mtu wa nje hukisahau: taa nyekundu ikiwaka hata Kamati hainyamazishi mtu, kwa sababu itabidi iseme, na ikisema itasikika Chwaka.

Bwana Khamis akavua viatu. Naapa alivivua, akaviacha pale chini, akaja kwa soksi, akazunguka nyuma ya nyaya mpaka nikamsikia anapumua nyuma yangu. Ubeti wa kwanza ukamalizika. Nikabadilisha ubao. Kiitikio kikaja, wapiga ala wakakipokea, na mkono wake ukapita pembeni mwangu ukaukamata ubao wa tatu uliokuwa umeegemea mguuni kwangu.

Bi. Maua alikuwa anaimba ubeti wa pili. Nikageuka. Bwana Khamis alikuwa ameugeuza ubao anausoma mgongoni, na taa haikufika pale, alikuwa anakunja uso. Nilinyoosha mkono. Akatikisa kichwa: hapana. Maisha yangu yote, mtu mkubwa akitikisa kichwa mimi huachia. Nilikamata ncha ya ubao. Akaushikilia. Tukavutana kimyakimya kama watoto wanaogombea mkeka, huku ubeti wa pili unakwisha na fidla zinapanda.

Mimi nikatikisa kichwa pia. Nikamuonesha Bi. Maua kwa kidole, kisha nikaonesha macho yangu, kisha karatasi ya muhuri aliyoishika. Sijui alifahamu nini. Aliachia.

Nilichelewa. Bi. Maua alikuwa ameshavuta pumzi na mbele yake palikuwa na hewa tupu. "Mwenye…" akaimba, akalivuta lile neno, akalivuta, hata mpiga fidla wa kwanza akafungua macho. Kule Amani walisema baadaye kwamba hapo ndipo walipolia. Walidhani ni ufundi. Ilikuwa ni mwanamke anayengoja ubao.

Nikaunyanyua. Macho yake yakaupata. Nikamuona akilisoma neno kabla ya kuliimba, na nikaona uso wake ulivyofanya.

"…kwenda mashambani, bado namwekea mwanga."

Chozi likamshuka, akalipangusa kwa ncha ya kanga. Basi na hilo watoto wakaliiga.

Taa nyekundu ikazimika. Bwana Khamis alikuja mbele yangu kwa soksi zake. "Nani kakwambia uandike hivi?"

Nilijua Mzee Feruzi yuko mlangoni, na Bi. Maua yuko kwenye kiti nyuma ya Bwana Khamis. Nikasema, "Hapana mtu. Ni Kiswahili, Bwana. Soma." Bwana wa mlangoni alinieleza baadaye kwamba hata yeye alinisikia.

Akasoma. Midomo yake ilikuwa ikisogea, kama midomo ya kila aliyefundishwa kwa bakora chuoni. Alipofika ubeti wa tatu alirudia. Akaikunja karatasi yenye muhuri akaitia mfukoni.

"Maneno ni yaleyale," akasema. Alisema kwa sauti ya kusikika na Bwana Haji, aliyekuwa ameteremka ngazi, hana rangi. Halafu kwangu, polepole: "Zifute. Asubuhi nitapita. Nisiyaone maandishi haya."

Akamgeukia Bi. Maua. "Umeimba vizuri sana, Bi. Maua."

"Nimeimba mlivyotaka," akajibu, na akaniambia nimsogezee Bwana Khamis viatu vyake visije vikakanyagwa na watu. Bwana Khamis akavifuata mwenyewe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Penye sanduku la Darajani watu walikuwa bado hawajatawanyika, na wimbo ulikuwa ushatoka kabla yangu. Wasichana watatu walikuwa wanashuka mbele yangu wameshikana mikono. Waliimba kandili, waliimba upepo, na walipofika ubeti wa tatu walilivuta lile "mwenye" mpaka wakaishiwa na pumzi, wakacheka, kisha wakasema kwenda mashambani, bila ya kujua kwamba kulikuwa na neno jengine. Nilifurahi. Halafu nilipofika Mkunazini nikasimama, kwa kuwa ilinijia kwamba wimbo huo sasa utaimbwa hivyo harusini na visimani, na aliyetungiwa hayumo tena ndani yake.

Jumapili asubuhi nilifika mapema na ndoo. Bi. Maua alikuwa mlangoni, na sahani ya mikate imefunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, Bi. Maua."

"Marahaba. Watoto wa mtaani kwangu wameniamsha kwa wimbo wangu. Nimeimba sawasawa?"

"Sawasawa."

"Kila neno?"

"Kila neno, Bi. Maua."

Akanywea kidogo, kama mtu aliyepewa habari aliyoitaka na hakuitaka. Kisha akasema, "Basi niandikie na ile bahari yangu. Niione mara moja ilivyokaa hapo juu."

Bwana wa mlangoni alikuwa anakula mkate. Tukaingia. Nikafuta nyuma ya ubao wa tatu, nikasubiri ukauke, nikachovya brashi. Nikaandika kwa herufi za chuoni, wima, nafasi pande zote, alifu imenyooka. Nikaunyanyua mbali kidogo, pale ninaposimama siku zote. Taa hazikuwashwa, ulikuwepo mwanga wa dirisha tu.

Macho yake yakatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Aliusoma ubeti wote kwa sauti ya mazungumzo, bila ya mahadhi, kama mtu anayemsomea mwengine barua. Alipofika bahari hakulivuta.

"Haya," akasema.

Nikasikia viatu vinakuja ukumbini. Nikachovya kitambaa kwenye ndoo, nikaufuta ubao, nikaupangusa tena pale palipobakia weupe, na Bwana Khamis alipochungulia nilikuwa nimeuegemeza ukutani, unatiririka maji.